Sakafu ya meko inayobanduka: achana na saruji

Dada wa Tabora uliyeuliza kuhusu sakafu ya meko, kama saruji ya mbele ya meko inaruka vipande, usipige lipu nyingine juu yake. Saruji hubaki na maji ndani. Moto ukiyageuza mvuke na mvuke ukakosa pa kutokea, tabaka la juu hubanduka. Lipu mpya itafanya vilevile.

Chimbua yote mpaka udongo mgumu. Ukikuta ubao wowote chini, hata kipande kilichosahauliwa wakati wa kumwaga zege, kitoe: mbao iliyofunikwa hukaushwa na joto kidogo kidogo, mwisho inashika moto usiouona. Huo ndio hatari kuliko nyufa zote. Mwaga mchanga mkavu sentimita 5, shindilia, weka pima maji uone kama pamelala sawa.

Juu yake panga tofali za kuchoma zilizoiva. Gonganisha mbili: zikilia kama chuma ni nzuri, sauti ikiwa butu ziache. Mawe ya mtoni usiweke kabisa, yana maji na hupasuka kwa kishindo.

Udongo wa kujengea: kichuguu ndoo 1, mchanga uliochekechwa ndoo 2, ukikauka ukatoa nyufa, ongeza mchanga. Lowesha tofali kwanza. Maungio yasizidi milimita 5, maana udongo mnene hunywea.

Sakafu itokeze sentimita 40 mbele ya mdomo wa meko na 20 kila upande, kaa likiruka liangukie tofali, si mkeka.

Acha ikauke wiki 2, zaidi kama mvua zinanyesha, kisha anza na vijiti vichache kwa siku kadhaa.