Warumi walishinda kwa daftari, sio kwa misuli

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi naendesha boda hapa Nkuhungu, juzi kijiweni tumebishana mpaka abiria wangu akapanda bajaji akaondoka. Ubishi wenyewe, Warumi wa kale waliwezaje kuzitawala nchi zote zile? Mmoja anasema walikuwa mijitu mikubwa kama ya kwenye muvi, mwingine anasema ni ukatili tu, mi nikasema lazima kuna kitu kingine ila kukitaja nikashindwa, wakanicheka. Nisaidie nikawazibe midomo.

JIBU: Marahaba kijana wangu, na pole kwa hela ya abiria. Huyo wa mijitu mikubwa mwanze yeye. Mwaka 57 KK Julius Caesar aliuzingira mji wa Waaduatuci, pande za Ubelgiji ya leo, watu wa kule wakawaona Warumi wanajenga mnara wa mbao mbali kabisa na ukuta wakaangua kicheko, vijitu vifupi hivi na vimikono vyao vitausogeza na nini dude lote hilo? Caesar mwenyewe kaandika kwamba walikuwa wanadharauliwa kwa ufupi. Basi mnara ukaanza kutembea kuja ukutani, kicheko kikaisha, wajumbe wakatoka kuomba amani.

Ukatili walikuwa nao, siwatetei, ila zama zile nani hakuwa nao. Watu wa Carthage, mahasimu wao wa Afrika Kaskazini, waliwasulubisha hata majenerali wao wenyewe wakishindwa vita na bado walipigwa.

Kitu ulichokuwa unakitafuta ni mpangilio. Si unamjua balozi wa nyumba kumi? Jeshi la Warumi lilianzia chini namna hiyo hiyo, watu 8 hema moja, nyumbu wao mmoja wa kubeba mizigo, wanapika pamoja na kulala pamoja. Mahema kumi ndo kikosi cha akida, yule yule akida unayemsoma kwenye Biblia, na usidanganywe na jina la kikosi chake, centuria, linalotokana na mia, watu walikuwa 80. Vikosi sita vinafanya kohoti moja ya watu 480, kohoti kumi ndo legioni, kama watu 5,000 hivi. Wakiwa safarini kila jioni wanachimba mtaro, wanapandisha boma, wanapiga kambi kwa ramani ile ile, yaani ungedhani kila hema lina ploti yake na bikoni, hata giza likiingia askari anajua kwake ni wapi bila kuuliza.

Ila kinachonifurahisha mimi kuliko vyote ni makaratasi yao, au niseme vibao. Kule Vindolanda, kambi ya Warumi kaskazini mwa Uingereza, kimefukuliwa kibao chembamba cha mbao kimeandikwa kwa wino, ripoti ya tarehe 18 Mei, miaka ya 90 BK. Kohoti ile ilikuwa ya askari wasaidizi, sio ya legioni, na kubwa kuliko zile za kawaida, ina watu 752. Walioko nje ya kambi 456, wengi wao, 337, wako Coria, kambi nyingine, na wengine 46 wamekwenda kumlinda gavana. Waliopo kambini 296. Katika hao wagonjwa 15, majeruhi 6, wanaoumwa macho 10, wanabaki wazima 265. Macho bana! Mtu wa Kongwa aliyekua enzi za trakoma akisoma hapo atacheka kwa uchungu. Sasa niambie, kamanda anayejua mpaka idadi ya wenye macho mekundu, utamdanganyaje kuhusu idadi ya ngano?

Na daftari ndo liliwaokoa walipopigwa vibaya. Mwaka 216 KK pale Cannae, kusini mwa Italia, Hannibal, jenerali wa Carthage, aliwaua watu zaidi ya 40,000 kwa siku moja, taifa lingine lingekuwa limekwisha. Lakini Warumi walikuwa na sensa, miaka michache nyuma, 225 KK, wao na washirika wao walishahesabu wanaume wa kubeba silaha wakapata zaidi ya 700,000 wa miguu na 70,000 wa farasi. Kwa hiyo wanafungua orodha, wanaita wengine, wananunua mpaka watumwa 8,000 wawape silaha. Na Varro, konsuli, yaani mmoja wa wakuu wawili wa Roma wa mwaka ule, aliyeliongoza jeshi siku ile akanusurika, aliporudi watu walimpokea kwa shukrani kwamba hajaikatia nchi tamaa. Carthage angekutana na msalaba huyo! Hannibal alishinda vita vikubwa vikubwa, afu kila akigeuka anakuta legioni mpya imesimama.

SWALI: Mwalimu, mi nipo Manyoni, nilipita JKT, najua lindo la usiku. Ni kweli askari wa Kirumi akisinzia lindoni anauawa?

JIBU: Kweli, na nani alikuwa anakamata ndo penyewe. Kwa maelezo ya Mgiriki Polybius usiku uligawanywa zamu nne, kila lindo lina kibao kidogo chenye alama yake. Mtu wa doria anapita na rafiki zake kama mashahidi, akikuta mlinzi macho anachukua kibao, akimkuta kalala hamwamshi wala hamgusi, anawaonyesha wenzake anaondoka zake. Alfajiri vibao vinahesabiwa, kimoja kikipungua alama inasema ni lindo lipi, mlinzi anaitwa, ofisa anamgusa tu na rungu kisha kambi nzima inamshukia kwa marungu na mawe. Akipona hana pa kwenda maana hata ndugu hawaruhusiwi kumpokea. Na wa doria naye akidai lindo lilikuwa limelala afu mashahidi hana, kosa linahamia kwake.