Kidole kimekatwa na mashine: fidia inapatikanaje?

Pole sana, ndugu. Kwa Tanzania Bara hilo linashughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mchango ni wa mwajiri peke yake, kwa hiyo kama amekukata mshahara kwa ajili hiyo, amekosea.

Toa taarifa kazini leo hii, kwa maandishi, ubaki na nakala. Mwajiri ana siku 7 za kuripoti WCF, na dai lisipite miezi 12. Hospitali mwambie daktari waziwazi kwamba umeumia kazini, na ilivyotokea. Cheti kikiandikwa "jeraha la mkono" tu, kuthibitisha baadaye ni shida.

Ukiwa nje ya kazi unalipwa asilimia 70 ya mshahara, kwa muda usiozidi miezi 24. Matibabu ni juu ya Mfuko. Ukishapona ndipo ulemavu wa kudumu unapimwa: asilimia 30 kushuka chini unalipwa mkupuo, zaidi ya hapo ni pensheni ya kila mwezi.

Tunza hati za mshahara. Hesabu yote inaanzia hapo, na wengi hupunjwa kwa sababu mwajiri ametaja mshahara pungufu.