Akili mnemba kwenye kipimo cha utumbo mpana: mashine haioni kilichofunikwa na kinyesi

Mkuu, umesema una miaka 47, uko Marekani, umepangiwa kipimo cha kamera ya utumbo mpana, na wamekuambia kompyuta yenye akili mnemba itamsaidia daktari kutafuta vinyama vinavyoota ndani ya utumbo. Unauliza kama maana yake daktari hajui kazi. Hapana, usiogope. Mimi ni nesi Minnesota, miaka kadhaa sasa niko chumba cha vipimo hivyo, na mwaka jana nilipimwa mwenyewe.

Kamera ikiwa ndani, mashine inasoma picha papo hapo. Ikihisi kinyama, kinatokea kiboksi cha kijani kwenye skrini. Daktari anasimama, anarusha maji, anatazama. Mara nyingi ni povu tu au mkunjo wa utumbo, anaendelea. Ila kuna siku kiboksi kiliwaka juu ya kitu bapa, rangi ileile ya utumbo, ambacho sote chumbani tulikuwa tumeshakipita. Kikakatwa, maabara ikajibu: adenoma, aina mojawapo ya vinyama hivyo. Hizo ndizo zikiachwa miaka, baadhi hugeuka saratani.

Kwenye utafiti wa Italia wa 2020, watu 685, adenoma zilionekana kwa 54.8% ya waliopimwa kwa msaada wa mashine, na 40.4% ya waliopimwa bila mashine. Nyingi za ziada zilikuwa ndogo, na wataalamu bado wanabishana zina uzito gani. Kinachonisumbua mimi ni utafiti wa Poland, 2025: madaktari waliokwisha kuizoea mashine, wakipima bila hiyo, idadi ya waliowakuta na adenoma ilishuka kutoka 28.4% hadi 22.4% ya waliopimwa. Kwa hiyo muulize daktari wako bila aibu yeye hugundua adenoma kwa asilimia ngapi ya anaowapima. Miongozo ya Marekani inataka angalau 35%. Aliye makini atakujibu bila kukasirika.

Lakini la kwako wewe ni kusafisha tumbo. Mashine inasoma kile tu ambacho kamera imeonyeshwa. Mara yangu ya kwanza nilitoka zamu ya usiku nimechoka, nikanywa nusu ya dawa, nusu ya alfajiri ikanipita nimelala. Mimi, ninayewahimiza wagonjwa kila siku! Daktari alikuta kinyesi kimeganda upande wa kulia, akasitisha. Niliporudi tumbo likiwa safi, vilitolewa vinyama viwili, kimoja upande huohuo wa kulia.

Dawa inachosha, sikufichi. Iweke kwenye friji, inywe kwa mrija. Nusu ya pili usiiruke hata ikibidi kuamka saa tisa usiku; fuata muda waliokuandikia. Siku ya kuamkia kipimo ni vimiminika tu vinavyopitisha mwanga, na juisi ya rozela iache, wekundu wake unafanana na damu. Ukianza kutoa maji ya manjano yasiyo na chembe, uko tayari. Na usiendeshe gari siku hiyo kwa sababu ya dawa ya usingizi, shemeji akufuate.