Maswali ya Wasomaji: Kama ni neema, matendo ya nini?

SWALI: Kwenye matanga ya baba mkwe, mhubiri wa Walokole alisema marehemu kishafika mbinguni maana aliokoka. Mama mkwe ni Mkatoliki, ameweka nia ya misa Jumamosi. Nikisoma Mathayo 25 naona hukumu ni kwa chakula na maji. Basi neema ni ya nini, na hiari yangu ina kazi gani? Mimi Mwanglikana niende misa? – Mkaza mwana, Arua

JIBU: Pole kwa msiba, mama. Mathayo 25 usiianzie kwenye njaa na kiu. Anza mstari wa 32 hadi 34: kondoo wanatengwa na mbuzi kabla ya tendo lolote kutajwa, kisha wanaambiwa waurithi ufalme. Urithi si ujira wa kibarua. Matendo yanatajwa baadaye, kama ushahidi, na katika mstari wa 37 wenye haki wenyewe wanashangaa. Hawakuwa wakiweka hesabu. Ufunuo 20:12 nao una vitabu vya matendo, na kando yake kitabu cha uzima.

Wanaopotoka hapa mara nyingi wamekomea Waefeso 2:9, "wala si kwa matendo". Mstari wa 10 unasema tuliumbwa tutende mema. Ukiuacha huo, unampata mlokole wa Jumapili anayepunja mizani Jumatatu.

Kuhusu hiari, Pelagius, mtawa wa zamani aliyefundisha kwamba mtu aweza kuzishika amri bila neema alikataliwa na mtaguso wa maaskofu huko Karthago, Afrika Kaskazini, mwaka 418. Wengi hudhani Wakatoliki hununua wokovu kwa matendo, lakini kanuni ya kwanza kabisa ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Katoliki, juu ya kuhesabiwa haki, mwaka 1547, inalikana jambo hilo. Ugomvi halisi ni huu: je, mtu aweza kuikataa neema inapomjia? Trento ilisema aweza. Wafuasi wa Arminius, mwanateolojia Mprotestanti wa Uholanzi, walisema hivyo mwaka 1610, na Wamethodisti na Wapentekoste wengi wako upande huo. Sinodi ya Dort ya 1618–1619, mkutano wa Waprotestanti wa upande wa Calvin, iliwajibu kwamba neema huugeuza moyo wenyewe hata ukataka. Kanisa lako lina Kifungu cha 10 katika vile Vifungu 39 vya imani ya Kianglikana: huwezi kumgeukia Mungu neema isipotangulia, kisha hutenda pamoja nawe. Kuhusu kuikataa, kifungu kinanyamaza, na kwa maoni yetu kunyamaza huko ni busara.

Sasa misa. Katoliki hufundisha kwamba kila mtu huhukumiwa mara afapo, na hukumu ya wote huja mwisho. Toharani ni utakaso baada ya kufa, kwa waliokufa katika neema bila kutakaswa kikamilifu. Hao wameshaokoka, na misa haimtoi mtu jehanamu. Kwa hiyo mama mkwe hasemi mumewe amepotea. Waanglikana huikataa toharani katika Kifungu cha 22, na 1 Wakorintho 3:15, "kama kwa moto", kila upande huisoma kivyake. (Jirani Msabato atakwambia wote mmekosea: marehemu amelala hadi ufufuo.) Mhubiri naye alivuka mpaka. Kutumaini ni haki yake; kutoa hukumu kunakatazwa na 1 Wakorintho 4:5.

Nenda. Kaa na mama mkwe, simama na kupiga magoti na wengine, itikia sala unazoziamini. Wakati wa komunyo baki kwenye benchi, maana kwa kawaida haitolewi kwa asiye Mkatoliki. Mweleze mapema, asije akadhani umesusa.