Usinunue vyuma kabla ya ada ya mtihani

Safari hii maswali mengi yametoka kwa watu wanaojiandaa na CCNA, mtihani wa mitandao ya kompyuta wa kampuni ya Cisco, namba 200-301. Karibu wote wanauliza jambo moja kwa sura tofauti: ninunue nini? Nimechagua sita.

Nina laki tatu. Kariakoo kuna jamaa anauza ruta mbili za 1841 na swichi ya 2960, zote kwa bei hiyo. Nichukue kabla hajapata mteja mwingine? (Tabata, Dar es Salaam)

Mwache apate mteja mwingine. Mtihani wenyewe ni dola 300 kabla ya kodi, na nimeona vijana wenye meza imejaa vyuma ambao ada yenyewe imewashinda. Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuiga mtandao ndani ya kompyuta, ni ya bure: unafungua akaunti ya Networking Academy ya Cisco, unapakua, unaanza leo usiku. Humo mna mada za mtihani: VLAN (kugawa swichi moja kuwa mitandao kadhaa), spanning tree, EtherChannel, OSPF (ruta kuambiana njia), NAT, ACL, hata kile kifaa cha kusimamia Wi-Fi ambacho kwa laki tatu usingekigusa. Ni mwigo tu wa IOS, mfumo endeshi wa ruta na swichi za Cisco, kwa hiyo kuna amri itakazozikataa, lakini kwa ngazi yako zilizomo zinatosha.

Hizo 1841 Cisco iliacha kuziuza mwaka 2011, na kila moja ina porti mbili tu za Fast Ethernet. Ukishaweka ada pembeni na kikabaki kitu, rudi ukanunue swichi peke yake na kebo ya konsoli, ile ya kuiunganisha na kompyuta ili uipe amri. Lakini kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji aichomeke kwenye umeme hapo hapo. Subiri dakika chache: taa ya SYST ikitulia kwenye kijani, imejipima ikajiona nzima; ikibaki rangi ya chungwa, ina tatizo. Akikwambia "hiyo mashine safi, kajaribie nyumbani," mshukuru na uondoke.

Shikamoo mwalimu. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4. Nikiwasha ruta tatu kwenye GNS3 (programu ya kuwashia ruta ndani ya kompyuta) feni inapiga kelele kama pikipiki na kila kitu kinaganda. Nibadilishe kompyuta? (Mwanza)

Marahaba. Bado, usibadilishe. Nadhani unatumia ruta za zamani, zile zinazoendeshwa na Dynamips, programu inayoiga vyuma vyake. Dynamips haijui ni wakati gani ruta imekaa bure, hivyo inakamua prosesa muda wote hata kama hakuna pakiti inayopita. Bofya ruta kwa kitufe cha kulia, chagua Auto Idle-PC, acha itafute namba inayofaa. Feni itanyamaza ndani ya dakika moja. Halafu pale unapohitaji kompyuta za kupigia ping, usiwashe Windows nzima; weka VPCS, kompyuta za kuigiza zilizomo kwenye GNS3, ambazo hazili karibu chochote.

Umeuliza pia kama utumie faili la IOS ulilopewa na rafiki. Faili hilo lina leseni, na la kuokota mtandaoni huwezi kujua limechezewa vipi. Ukitaka IOS halisi kwa njia halali, Cisco wana CML, maabara yao ya kwenye kompyuta, ya bure inayoruhusu vifaa vitano kwa wakati mmoja, ila hiyo RAM ya GB 4 haiiwezi. Kwa sasa tumia FRR, programu huria ya ruta, ndani ya GNS3. Ni ya bure, na amri zake zinafanana mno na za Cisco.

Nimeletewa 2960 ya mtumba, inaomba nenosiri na aliyeniuzia hajui. (Arusha)

Hongera, umepata somo la kwanza bila kulilipia. Chomoa waya wa umeme. Bonyeza kitufe cha Mode kilicho mbele, kishikilie, kisha chomeka waya huku kidole bado kipo. Taa ya SYST itageuka chungwa kidogo halafu kijani, hapo achia. Kwenye skrini (kasi ya konsoli ni 9600) utaona neno "switch:" na nukta mbili zake. Andika flash_init, subiri, kisha rename flash:config.text flash:zamani.text, kisha boot. Itawaka kama mpya.

Kama mpya, lakini si mpya. Watu wengi huishia hapo wakasahau faili la vlan.dat, ambalo linakaa peke yake kwenye flash na lina VLAN zote za mwenye nayo wa zamani, pamoja na jina la VTP (utaratibu wa swichi za Cisco kupeana orodha ya VLAN) na namba ya toleo la orodha hiyo. Lifute kwa delete flash:vlan.dat, kisha reload.

Mimi hili lilinifundisha kwa aibu. Niliazima swichi kazini nikae nayo nyumbani wakati nasoma, nikawa natengeneza VLAN na kuzifuta usiku kucha, na kila badiliko lilipandisha namba ya toleo. Siku ya kuirudisha nikaichomeka ilipokuwa. Jina la VTP ni lile lile, nenosiri lile lile, namba yake kubwa kuliko za wenzake. Swichi zote zikaamini kwamba yangu ndiyo yenye habari mpya, zikafuta VLAN zao. Simu za mezani zilikata kwanza, halafu nikasikia viti vikisukumwa chumba cha uhasibu.

Mke wangu anasema maabara itamaliza LUKU. (Dodoma)

Swichi ya wati 30 ikiwaka kwa muda wa saa kumi inakula uniti 0.3. Mpigie hesabu hiyo kwa bei yenu. Kama shida hasa ni kelele, tafuta 2960 ya porti nane, ile 8TC: haina feni kabisa. Na uizime ukilala.

Huku kwetu kampuni za intaneti za mtaani zote ni MikroTik. Kwa nini nihangaike na Cisco? (Likoni, Mombasa)

Kama kazi unayoiwinda iko kwenye minara ya mtaani, usihangaike. Anza na MikroTik. Ruta ndogo ya hAP lite ina RouterOS, mfumo endeshi wa MikroTik, ile ile iliyo kwenye mashine kubwa, na CHR, RouterOS isiyohitaji chuma, unaiwasha kwenye kompyuta bila kulipa, ila kila porti inabanwa kwenye Mbps 1. Kwa mazoezi ya OSPF na firewall hiyo inatosha na kubaki. Jambo moja la kupangia bajeti: MTCNA, cheti cha mwanzo cha MikroTik, huwezi kusoma peke yako ukaenda kufanya mtihani. Lazima uhudhurie darasa la mkufunzi anayetambuliwa na MikroTik. CCNA unaweza kusomea jikoni kwako mpaka siku ya mtihani.

Nimemaliza mazoezi yote ya video, yote yanakubali. Nitajuaje kwamba niko tayari? (Morogoro)

Yanakubali kwa sababu unanakili. Unganisha ruta mbili za OSPF hadi zifikie FULL, yaani zimekubaliana kabisa, kisha mpe kompyuta mtu mwingine, hata mdogo wako, umwandikie vikaratasi vitano avikunje na kuchagua kimoja bila kukuonyesha: badilisha hello-interval upande mmoja, badilisha namba ya area, kosea subnet mask, weka passive-interface, na kama uko GNS3 na IOS, punguza ip mtu (ukubwa wa juu wa pakiti) upande mmoja kisha andika clear ip ospf process. Wewe ukae nje.

Ukirudi, usifungue show running-config. Anza na show ip ospf neighbor, kisha show ip ospf interface, useme kosa ni lipi kabla ya kugusa kitu. Vikaratasi vinne vya kwanza vinafanana: jirani hayupo kabisa. Cha tano ndicho kitamu, jirani anaonekana lakini amekwama EXSTART, hatua ya kabla ya kubadilishana habari. Siku utakapotaja sababu kwa kuliona neno hilo tu, weka nafasi ya mtihani.