Barua kwa mwanangu: mlango usiofungwa

Binti yangu mpendwa,

Barua yako imefika, tumeisoma mimi na baba yako. Kwanza hongera. Kupata nafasi Virginia Military Institute, chuo cha kijeshi kule Marekani, si jambo dogo, na nimefurahi kwamba kabla ya kukubali umeuliza swali linalokukosesha usingizi.

Unasema umeambiwa kwamba kwa desturi ya chuo kile vyumba vya makadeti havifungwi, kwa sababu kadeti anamwamini kadeti mwenzake. Mhitimu mmoja wa zamani akakuambia kuwa anayetaka komeo hajaielewa heshima ya mahali pale. Shangazi yako naye amekataa katakata: bila kufuli huendi. Unaniuliza kama kudai mlango ufungwe ni kuwavunjia wenzako imani.

Si kuwavunjia imani hata kidogo. Ila shangazi yako pia simuungi mkono moja kwa moja.

Desturi hiyo naiheshimu. Chuo kilianza mwaka 1839, na makadeti wote hulala bweni moja miaka yote ya masomo. Wa mwaka wa kwanza huitwa panya, kama huku wanavyoitwa njuka, na shida wanazopitia pamoja huwafanya ndugu. Kanuni yao ni kwamba kadeti hasemi uongo, hafanyi udanganyifu, haibi, wala hamvumilii afanyaye hayo. Anayepatikana na hatia anafukuzwa. Mimi nimekuwa matroni, mwanangu. Najua bweni ambalo kila sanduku la bati lina kufuli na bado sukari inaibwa, sabuni inakatwa nusu usiku. Mahali ambapo mtu anaacha saa yake mezani akaenda gwarideni na kuikuta ni mahali palipojengwa kwa kazi kubwa.

Lakini isome tena ile kanuni. Uongo, udanganyifu, wizi. Anayesukuma mlango wa msichana saa nane za usiku hakufuata saa iliyo mezani. Kanuni inamtaka kadeti amtaje mwizi hata akiwa rafiki yake, ila kwa jambo hili undugu uleule unaweza kumziba mtu mdomo, maana nani atakayetaka kumsema ndugu yake? Hapo ndipo ninapopatilia shaka, kuliko kwenye kitasa. Mwaka 2021 ulitoka uchunguzi ulioagizwa na serikali ya jimbo la Virginia. Kati ya makadeti wa kike waliojibu, asilimia 14 walisema walishambuliwa kingono wakiwa chuoni, na asilimia 63 walisema kuna kadeti mwenzao aliyewaambia kwamba yaliwahi kumkuta. Zilinganishe namba hizo mbili, kisha jiulize habari hizo zilikuwa zikiishia wapi.

Na asikudanganye mtu kwamba desturi haiguswi. Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua mwaka 1996 kwamba chuo hakiwezi kuwazuia wanawake, Jaji Ruth Bader Ginsburg aliandika kwamba maisha ya bwenini pale hayana faragha. Hukumu hiyohiyo ikakubali kwamba wanawake wakiingia, malazi yatabidi yabadilishwe ili kila jinsia ipate faragha yake. Wasichana waliingia mwaka uliofuata, na chuo kipo mpaka leo.

Angalia pia chuo cha jeshi la anga cha Marekani kule Colorado. Kashfa ya ubakaji ilipolipuka mwaka 2003, moja ya amri zilizotoka ni kwamba kadeti haingii chumba cha jinsia nyingine mpaka agonge, ajitambulishe, na asubiri afunguliwe. Yaani apige hodi, jambo ambalo wewe ulifundishwa ukiwa hujaanza shule. Hodi haijawahi kumtukana jirani.

Sasa shangazi yako. Anataka ununue kufuli lako. Usinunue. Shule ya Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, zaidi ya wasichana 40 waliteketea bwenini. Shule ya Kyanguli kule Machakos, Kenya, mwaka 2001, wavulana 67. Kule Kyanguli mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yana nondo. Ndiyo maana nikiwa matroni sikukubali mlango unaohitaji ufunguo kutokea ndani. Kila usiku nililisukuma lile komeo kwa kidole kimoja, gizani, tochi nimeizima makusudi. Likikwama, fundi aliitwa asubuhi kabla ya uji. Komeo jema humzuia wa nje na kumwachia wa ndani atoke, hata akiwa na usingizi na moshi machoni.

Kwa hiyo utakapokwenda kutembelea chuo, usimuulize mhitimu wa zamani. Watafute wasichana wa mwaka wa tatu na wa nne, uwaulize bila maofisa kuwepo: vyumba vinafungwaje sasa, nani yuko zamu usiku, anayeingia hugonga? Waulize msichana akishtaki anapeleka kwa nani, kama kuna njia isiyopita kwa wakubwa wake wa bwenini, na aliyeshtaki mara ya mwisho bado yupo chuoni au aliondoka. Jibu la hilo la mwisho lipe uzito kuliko yote. Wakiligeuza kuwa mzaha au wakanyamaza wakitazamana, rudi nyumbani. Vyuo vingine vipo na ada ya kwanza hatujalipa.

Wakikujibu waziwazi, hata kama jibu ni chungu, nenda. Na ukifika, omba komeo mbele ya wote kama unavyoomba buti la saizi yako.

Shangazi yako niachie, nitampigia mwenyewe Jumapili baada ya ibada. Andika ukishatoka huko.

Mama yako