Nimetubu mara nyingi, mbona dhambi ile bado inanifuata?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama. Nilichukua laki sita nikalipa ada ya mwanangu, halafu nikaandika kitabuni kuwa ni mkopo wa mama mmoja aliyehama bila kurejesha. Huu ni mwaka wa tatu. Nimefunga, nimelia, na kila mkesha wito ukitolewa najitokeza mbele. Nikifika nyumbani moyo unaniambia sijasamehewa. Je, Mungu hajanisikia?

JIBU: Amina, dada yangu. Umekaa na mzigo huu muda mrefu, na nashukuru umeutua hapa.

Mungu amekusikia. Daudi alipokemewa na nabii Nathani alitamka maneno machache tu, "Nimemfanyia Bwana dhambi," akajibiwa palepale, "Bwana naye ameiondoa dhambi yako" (2 Samweli 12:13). Hakuambiwa arudi kesho na machozi zaidi. Mtume Yohana naye anasema tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee (1 Yohana 1:9). Uaminifu unaotajwa hapo ni wa Mungu, kwa hiyo usiupime msamaha wake kwa jinsi moyo wako unavyojisikia saa nane za usiku.

Lakini nisikuache hapo. Katika Agano Jipya la Kiyunani, neno tunalolisoma "ondoleo la dhambi" ni afesis. Neno hilohilo ndilo alilosoma Yesu katika sinagogi la Nazareti, wafungwa watangaziwe "kufunguliwa kwao" (Luka 4:18). Waliotafsiri Torati kwa Kiyunani walilitumia pia kwa yubile, yaani kila mwaka wa hamsini, baragumu ilipopigwa na aliyejiuza kwa sababu ya umaskini akarudi kwa jamaa yake. Kusamehewa, basi, ni kufunguliwa. Mlango umefunguliwa, na wewe bado umo ndani. Kwa nini?

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichoniuma zaidi si zile laki sita. Ni yule mama aliyehama. Jina lake bado limo kitabuni kama mtu aliyekimbia deni. Wenzake wakimtaja, nawe ukiwepo, unanyamaza au unaitikia. Uongo ule unahitaji kulindwa kila siku, na anayeulinda ni wewe. Yesu alisema kila atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi (Yohana 8:34). Huo ndio utumwa wenyewe, dada, na kujitokeza mbele ya madhabahu hakuwezi kuumaliza, kwa maana kule mbele unasema na Mungu peke yake, na waliodhulumiwa hawamo. "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa," inasema Zaburi ya 32.

Zakayo, yule mtoza ushuru, alisimama nyumbani mwake akasema atamrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya. Angalia mambo yalivyofuatana: Yesu alikuwa amekwisha kumwita kwa jina na kuingia kwake kabla senti moja haijarudishwa. Hakuununua msamaha. Alirudisha kwa sababu fedha ile haikuwa na nguvu tena juu yake. Nawe rudisha kwa moyo huo. Torati ilimtaka mkosaji arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Sikufungi kwa hesabu hiyo, ila laki sita nzima ni haki yao. Kama huna, waombe ulipe kidogo kidogo kila mkutano.

Anza na yule mama. Tafuta namba yake, mpigie, mwambie ulichomfanyia, usijitetee kwa ada ya mtoto. Kisha uende kikobani, kitabu kisahihishwe mbele ya wote. Huenda wengine wakakasirika, huenda wakakutoa kwenye kikundi. Hayo yatauma, nami siwezi kukuahidi vinginevyo. Lakini hasira yao si hukumu ya Mungu, maana hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu (Warumi 8:1).

Ukiogopa kwenda peke yako, mwombe mama mmoja wa kanisa unayemwamini akusindikize. Na mkesha ujao, wito ukitolewa, kama kinachokuinua ni dhambi ileile, kaa kitini, umshukuru Mungu.